Aliyemla Farasi Wangu

Kuna mtu humwoni wala humsikii. Hujui kavaa shati gani, hujui kala nini mchana. Lakini akiamka na hasira unajua, akisinzia unajua, na akikuwaza wewe hilo nalo unalijua. Ni nani huyo? Fikirini kwanza. Mkishindwa nipeni mji, tena uwe mji wenye maji na maziwa, niwaambie: ni mtu unayecheza naye sataranji kwenye simu.

Hivyo ndivyo Nashipae, binti wa Olmotonyi aliyefanya kazi kwenye kitalu cha miche, alivyokuwa anamjua Abdiel. Sura yake aliijua pia, tena vizuri. Ni Abdiel aliyemfundisha mchezo ule enzi akisomea misitu pale chuoni, wamekaa juu ya magunia ya mboji, simu moja katikati yao, magoti yanagusana na kila mmoja anajifanya hajaona. Lakini tangu Abdiel apate kazi kwenye mashamba ya miti huko kusini, sura ilibaki kwenye picha. Kilichobaki hai ni mchezo wake.

Na mchezo wa Abdiel haukufanana na wa mtu mwingine. Wengine wakianza na askari, yeye alitoa farasi. Wengine wakimficha mfalme pembeni nyuma ya ngome, wake alikaa katikati, kifua wazi, kama mwenye nyumba aliyetoka kuota jua. Cha bure hakukigusa. Umwekee askari mdomoni kabisa, atampita kama hakumwona. "Kitu kikiachwa wazi namna hiyo kina mwenyewe," alikuwa akisema. Lakini vya kwake alivigawa bila huruma, leo farasi, kesho ngome, na wewe ukishangilia kula, unakuta mfalme wako hana pa kupumulia. Kabla ya hatua kali alinyamaza muda mrefu. Nashipae aliuzoea ukimya ule, akawa anamwona kabisa anavyojikuna kidevu. Na akishindwa hakukimbia. Alisubiri mpaka mfalme wake anaswe. "Mtu akikushinda, mwache amalize kazi yake."

Nashipae mwenyewe alicheza kama mchunga mbuzi. Askari wake walitembea pamoja, hakuna wa kubaki nyuma. Alikuwa na subira ya kutisha. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja, malkia. Malkia akiguswa tu, binti wa watu anasahau mchezo mzima.

"Nashi, unamlilia malkia kama mtoto wa kuzaa," Abdiel alimtania. "Ipo siku nitakupa wangu umle, nione kama utashiba."

Mara ya mwisho kuonana ilikuwa siku ya gulio, Ngaramtoni, nyuma ya wauza vitunguu. Abdiel alikuwa likizo. Alikuja mikono mitupu na macho chini, na Nashipae akajua kabla hajafungua mdomo.

"Baba bado," alisema Abdiel.

"Bado nini?"

"Bado hajakubali. Nivumilie kidogo."

"Kidogo chako kimeota ndevu, Abdiel. Baba yangu anauliza, shangazi wanauliza, hata mbuzi pale nyumbani nadhani wanauliza. Wazee wako wana nini na sisi?"

"Wanasema... mama anasema hatuelewani mila. Baba anataka nioe nyumbani, Machame."

"Na wewe unasema nini?"

"Mimi nimeshasema. Unajua nilichosema."

"Mimi nimechoka kukijua peke yangu." Nashipae aliuma mdomo usitetemeke. "Basi sikiliza. Usinipigie. Usiniandikie. Siku baba yako atakapokanyaga boma letu ndiyo siku nitakayoisikia sauti yako."

Abdiel alimtazama. Yale macho! Yalikuwa macho ya mtu anayetaka kulishika jambo akaogopa kulivunja.

"Na mchezo?" aliuliza.

"Mchezo tucheze. Siku ukiacha kucheza nitajua umeniacha."

Wakaachana hivyo, hata mkono hawakupeana.

Na Abdiel akacheza. Miezi ikaenda, masika yakaingia, Nashipae akawa anafungua simu asubuhi kabla ya kunawa uso, anakuta hatua moja imewekwa usiku kutoka kusini, na moyo unatulia. Hatua moja, basi, lakini kwake ilikuwa salamu, barua na kiapo.

Kisha siku moja Abdiel akatoa malkia. Akamweka wazi, mbele ya farasi wa Nashipae, bila mlinzi. Nashipae alicheka peke yake kule kitaluni, akakumbuka utani wao, akamla. Alipokwisha kumla ndipo akaona alichofanyiwa. Farasi mmoja wa Abdiel akiruka tu, mfalme wake kwisha. Akakaa kusubiri kushindwa, tena anatabasamu.

Hatua haikuja. Ukimya ukawa mrefu kuliko wote aliouzoea. Ilipokuja, farasi wa Abdiel hakumgusa mfalme. Alikuwa amegeuka pembeni kabisa kula askari mmoja asiye na maana.

Tangu siku hiyo, mchezo baada ya mchezo, yule aliyecheza alikula. Alikula kila kilichokulika. Ukimwekea askari anakula, ukimwekea mtego anakula, nyumba yake inaungua yeye anakula.

"Wifi, usijisumbue," alisema Simaloi, mke wa kaka yake, huku akikanda unga. "Simu ya mwenzio ina mwanamke."

"Mwanamke afanye nini na sataranji?"

"Anakuchezea wewe, mjinga wangu. Wamelala hapo wanacheka. 'Mpe na hii, mpe na hii.' Na kesho wazee wa Sadoki wanakuja. Utawaambia una mchumba kwenye simu?"

Sadoki alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe, mjane, mtu mpole asiye na neno. Ndipo ubaya wake ulipokuwa, hakuwa na kosa la kumkatalia. Baba yake Nashipae alikuwa amesema, "Mwanangu, mimi sikulazimishi. Kama huyo Abdiel wako wa Moshono yupo, niambie yupo, nitawarudisha wageni. Kama hayupo, niambie hayupo." Binti akakosa la kumwambia, kwa sababu hakujua.

Jibu alilipata mahali asipolitafuta. Alikuwa amekwenda Ngaramtoni kufuata mifuko ya miche, akapita kibarazani kwa fundi viatu, wazee wanacheza drafti kwa vizibo vya soda. Mmoja alikuwa amesita, mkono hewani, na mwenzake akampigia kelele:

"Kula! Lazima ule, usitafute njia! Drafti haina kushiba!"

Nashipae akasimama. Mifuko ikamtoka mkononi.

Anakula hata asipotaka, maana sheria aliyokulia nayo inamwambia ale. Ni nani huyo? Si mwanamke wa kusini. Simu ya Abdiel ilikuwa mikononi mwa mcheza drafti, na mcheza drafti mmoja tu ndiye Abdiel alikuwa akimsimulia kwa kicheko: "Baba yangu, Nashi, mkristo safi, lakini kwenye drafti anaweza kuuza shamba."

Hakurudi nyumbani. Alipanda bodaboda hadi Moshono, kwa wazazi wa Abdiel.

Nyumba aliijua kwa geti tu. Abdiel aliwahi kumwonyesha wakipita barabarani, akasema, "Siku moja utaingia humo na kanga mpya." Lilikuwa geti la kijani, na ndani yake migomba michache iliyopandwa na watu wasiotaka kusahau Machame. Nashipae hakugonga. Alitoa simu, akaufungua mchezo, akamchukua farasi wake na kumweka mahali ambapo mtu akimla, amekwisha. Abdiel asingemgusa hata kwa kusukumwa.

Ndani ya geti simu ikalia mlio mfupi. Mtu akakohoa. Kitambo kidogo, na kwenye kioo cha Nashipae farasi wake akatoweka.

Alisukuma geti akaingia.

Mzee alikuwa barazani kwenye kiti cha plastiki, miwani puani, koti begani ingawa jua lilikuwa kali. Mzee Philemoni, baba yake Abdiel. Kidevu kilikuwa kile kile.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Unamtafuta nani?"

"Namtafuta aliyemla farasi wangu sasa hivi."

Mzee aliitazama simu iliyokuwa mapajani mwake kana kwamba ndiyo imesema. Akavua miwani. Akaivaa tena.

"Wewe ndiye Nashi," alisema polepole.

"Ndiyo mimi. Abdiel yuko wapi, baba? Kama mmemnyang'anya simu asizungumze nami, nitaelewa. Kama mmemwoza huko Machame, niambieni, nitaelewa. Nimekuja kuuliza jambo moja tu, nimsubiri au nisimsubiri. Kesho kuna wageni nyumbani kwetu."

Mzee akaonyesha kiti. Nashipae hakukaa. Mlango ulikuwa wazi, na kupitia mlango ule aliona ukuta wa sebuleni. Picha ya Abdiel ilikuwa pale, picha ya suti, imezungushiwa utepe mweusi, na chini yake mishumaa iliyokwisha kuwaka.

Hakupiga kelele. Watu hudhani binti akiona kitu kama kile hupiga kelele. Alishika nguzo ya baraza, akaanza kukwangua rangi ya nguzo kwa ukucha, kidogo kidogo, kama mtu aliyepewa kazi hiyo.

"Lini?" aliuliza.

"Masika yanaisha. Walikuwa wanakata miti. Ukaanguka upande usiotarajiwa." Sauti ya mzee ilikuwa kavu. Alikuwa ameyasema maneno hayo kwa watu wengi. "Tulimzika Machame, kihambani, kwenye shamba la ukoo, karibu na babu yake."

"Na mimi hamkunitafuta."

"Tungekuita nani?"

Aliyejibu si mzee. Mlangoni alisimama mwanamke mwembamba, kitambaa cheusi kichwani, taulo la jikoni mkononi. Agnela, mama yake Abdiel. Nashipae akapiga goti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Inuka, sakafu ina vumbi." Hakuusogeza mguu wala mkono. "Nakuuliza, binti. Tungekuita nani? Msibani watu hutambulishwa. Mwongozaji alishika kipaza sauti, akawasimamisha mmoja mmoja, wajomba, mashangazi, wafanyakazi wenzake, kwaya. Wewe ungesimama useme wewe ni nani?"

"Ningesema mimi ni Nashipae."

"Nashipae wa nani?"

Nashipae alitafuta neno. Mchumba? Nani alimchumbia? Hakuna mzee aliyekanyaga kwao. Hakuna pete wala blanketi, hata soda ya kupokea wageni haikuwahi kufunguliwa. Alikuwa na hatua za farasi na ngome, na hizo hazisomwi kanisani.

"Unaona," alisema Mama Agnela. Hakusema kwa ubaya, na hilo liliumiza zaidi. "Kwenye wasifu wake walisoma, marehemu hakuoa, hakuacha mtoto. Wakafunga karatasi. Mtoto wangu mzima, karatasi ikafungwa."

"Agnela," alisema mzee.

"Usiniite Agnela. Ni wewe uliyemwambia neno lile."

"Neno gani?" aliuliza Nashipae.

Mzee alitazama migomba.

"Alikuja hapa likizo ile, akaniambia, 'Baba, twende Olmotonyi, nakuomba.' Nilikuwa nimekasirika. Nikamwambia, 'Nikifa mimi ndipo utaoa huko.'" Akavuta koti begani. "Akafa yeye."

Mama Agnela aligeuka akaingia jikoni, sufuria zikagongana huko bila sababu.

"Kwa nini ulicheza, baba?" Nashipae aliuliza. "Miezi yote hii. Ulijua ni mimi. Uliniacha niamke kila asubuhi nadhani yu hai."

"Sikukusudia kukudanganya."

"Ulikusudia nini?"

"Waliniletea simu yake pamoja na nguo. Tumetoka kuzika, nimekaa hapa hapa, watu wamekwenda. Nikaiwasha, ikalia. Nikatazama, imeandikwa, 'Zamu yako.'" Mzee alijishika kifua kama mtu anayetafuta kalamu mfukoni. "Zamu yako, mwanangu. Nani aliniambia vile? Nilijua ni mashine. Lakini mtu ukitoka kumzika mtoto, hujui kitu. Nikasema, labda ananiachia kiti chake. Alinifundisha Krismasi ile, kidogo tu. Nikaona farasi anaweza kula askari, nikala. Nilidhani ndivyo inavyotakiwa."

"Ukala askari," alisema Nashipae, na sasa machozi yalikuwa yanashuka yenyewe. "Mchezo ule, baba, hatua ya mwisho kabla yako. Aliyetoa malkia alikuwa yeye? Mkono wake mwenyewe?"

"Yeye. Mimi malkia ningemtoa wapi? Hata sasa namfungia nyuma kama ng'ombe wa maziwa. Rafiki yake alituambia, asubuhi ile wakisubiri gari la kwenda msituni, alikuwa na simu, anacheka peke yake. Akasema, 'Leo Nashi ataona.'"

Nashipae aliinama, mikono tumboni. Kumbe siku ile alipokuwa anacheka kitaluni, mwenzake alikuwa amecheka kabla yake. Na kumbe alipokuwa anasubiri kushindwa, anatabasamu kama mwehu mbele ya miche, aliyesubiriwa alikuwa amelala chini ya msonobari.

"Angekushinda?" mzee aliuliza. Aliuliza kwa haya, kama mtoto.

"Alikuwa ameshanishinda, baba. Ilibaki farasi aruke."

"Nami nikala askari."

"Ukala askari."

"Pale kijiweni tunaruhusu mtu kurudisha. Akikosea, anasema samahani, anarudisha kizibo." Alimnyoshea simu kwa mikono miwili. "Wewe unajua mambo haya. Nirudishie pale. Nionyeshe farasi alikuwa anaruka kwenda wapi, nimchezee, nimmalizie kazi yake. Nakuomba."

"Mchezo ule ulikwisha, baba. Nilikushinda. Haurudi."

Mikono ya mzee ilibaki hewani, na simu yake. Nashipae akaichukua taratibu, akaiweka juu ya mapaja ya mzee, akamfunika na koti lililokuwa linamtoka begani. Mzee akaushika mkono ule uliomfunika. Hakuwahi kumgusa binti huyo, hakuwahi kumtaka, na sasa hakujua jinsi ya kumwachia.

"Tuendelee kucheza," alisema. "Mimi na wewe. Taratibu. Utanifundisha kutokula. Ukiacha, mwanangu, simu hii haitalia tena, na hapo ndipo atakuwa amekufa kweli."

Nashipae alimhurumia. Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Kesho asubuhi angefungua simu, angekuta hatua moja kutoka Moshono, ya kijinga, ya kula, angejidanganya kwa muda wa kunawa uso. Angeweza kuishi hivyo miaka. Kuna watu wanaishi hivyo.

"Amekufa kweli, baba," alisema. "Mimi ndiyo kwanza nimeambiwa leo. Niacheni nami nilie msiba wangu."

Mzee akaufumbua mkono, kidole kimoja kimoja.

"Uliuliza jambo moja ulipoingia," alisema. "Kama umsubiri. Ni mimi niliyepaswa kulijibu mapema, mbele ya baba yako, kwa mdomo wangu. Nilichelewa." Machozi yaliteremka chini ya miwani bila yeye kuyagusa. "Usimsubiri, mwanangu. Huyo mgeni wa kesho kama ni mtu mwema, mtazame. Kama si mwema, usimtazame. Lakini Abdiel usimsubiri."

Nashipae aliitika kwa kichwa. Alifunga vizuri kanga yake kiunoni, akashuka ngazi za baraza. Hakuomba kuiona picha kwa karibu, kwa kuwa aliogopa kwamba akiiona hatatoka.

Alipofika getini alisikia ndala zinamfuata. Mama Agnela alikuja mbio mbio, taulo bado mkononi, akamshika kiwiko, akamgeuza. Kwa mara ya kwanza alimtazama usoni, kisha macho yakashuka taratibu kifuani, yakashuka hadi tumboni, yakabaki hapo.

"Binti," alinong'ona. Uso wote ulikuwa umebadilika, na katika macho yale kulikuwa na njaa ambayo Nashipae hajawahi kuiona kwa mtu. "Niambie kweli, mimi ni mama kama mama yako. Sitakugombeza. Sitauliza mila wala kabila. Je, alikuachia kitu?"

Nashipae alielewa, akatamani kusema uongo, walau ule mmoja.

"Hapana, mama."

"Hata kidogo? Huna hata wasiwasi?"

"Hatukuwahi, mama. Alisema tungoje baraka zenu."

Mama Agnela aliendelea kukishika kile kiwiko. Alitikisa kichwa mara nyingi, akikubali jambo ambalo hakuna aliyemuuliza. Halafu akakiachia, akafungua komeo, akasimama pembeni kumpisha mgeni apite.